Sabato Mbili Kando ya Godoro la Njeri

Kila ninayekutana naye tangu nirudi ananiuliza swali lile lile: "Mama Njeri, ulipotelea wapi?" Nimeshasimulia nusu yake mara nyingi, nikiwa nimesimama, karai la viazi mkononi, na kila nikifika penye utamu mteja ananikatiza kuuliza bei ya kabichi. Basi nimeamua kuandika yote mara moja. Anayejua kusoma awasomee wasiojua. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu katika mstari wetu pale sokoni kuna Waluo, Waluhya, Wanubi na mimi Mkikuyu wenu mmoja. Nikiandika kwa lugha nyingine yoyote mtaanza kununa.

Kilichoniondoa wengine mnakijua. Njeri, mtoto wangu pekee aliye hai, ameolewa na Ochieng, mwalimu wa shule ya msingi, huko Nyakach, ng'ambo ya ghuba. Alhamisi jioni mama mmoja muuza samaki wa upande ule alinifuata mpaka nyumbani kwangu Nyalenda, hapa Kisumu. Akaniambia mimba ya Njeri imefika mwezi wa saba na ameanza kutoka damu. "Mama mkwe yake nasema uje," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Nasema usichelewe."

Sikuuliza zaidi. Mimi nilibeba mimba tatu, na mbili zilimalizika kwa damu ya namna hiyo, kwa hiyo sikuhitaji kufafanuliwa. Nilikuwa na nia moja tu: kumtoa Njeri kule na kumfikisha hospitali kubwa ya Kisumu kabla hajanifia.

Nyalenda hadi Ahero

Kuna aliyeniuliza kwa nini sikuvuka ziwa kwa mashua. Jamani, mimi na maji hatupatani. Nilizaliwa milimani, mahali ambapo mto mkubwa unavukwa kwa kuruka. Nikapanda basi asubuhi ya Ijumaa.

Nyamasaria tulipita vizuri. Baada ya hapo uwanda wa Kano wote ulikuwa maji matupu, maana mvua ya masika ilikuwa imepiga juma zima na mto Nyando ulikuwa umetoka nje ya kingo zake. Basi likapunguza mwendo, likapunguza tena, likasimama. Dereva akazima injini na kuegemea usukani.

"Tunangoja nini?" nikamwuliza.

"Maji."

"Maji yafanye nini?"

"Yaondoke, Mama."

Nikakaa hapo nikisaga meno. Wenzangu walikuwa wametulia kabisa, wengine wakafungua vyakula vyao. Mbele yangu walikuwa wamekaa wanaume wawili. Mmoja alikuwa Mmaragoli aliyevaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani, wa yale makanisa ya ngoma na bendera. Wa pili alikuwa mtu mwembamba mwenye tai na Biblia iliyofungwa kwa karatasi ya kaki. Walikuwa wakibishana juu ya siku. Mwenye kanzu alisema Bwana alifufuka Jumapili na mambo yakaisha hapo. Yule mwembamba alisema Mungu alipumzika Jumamosi na hajawahi kutangaza kwamba amebadilisha. Sauti zilipanda mpaka mwembamba akageuka kutafuta shahidi.

"Wewe Mama, nasemaje?"

Nilikuwa na hasira, na mnanijua mimi nikiwa na hasira. Nikamwambia, "Viazi havijui siku. Vikioza Jumapili vinanuka Jumatatu."

Watu wakacheka. Lakini nilipofungua mdomo ndipo matamshi yangu yalipojulikana, na mtu mmoja kutoka nyuma akauliza kwa sauti, "Huyu ni mtu wa wapi?" Kicheko kikakatika. Mwaka huu ni wa sabini, na yale yaliyotokea mjini mwaka jana, yaliyowatenga Wajaluo na Wakikuyu, yalikuwa bado mabichi. Mnayajua, mlikuwepo, siyaandiki.

"Mama, natafuta nini huku?" akauliza tena yule wa nyuma.

Nikasema bila kugeuka, "Nakwenda kwa mtoto wangu. Ameolewa Nyakach. Ni mgonjwa."

Pembeni yangu alikuwa amekaa bibi mmoja mzee, kikapu mapajani. Alisema maneno machache ya Kijaluo kuelekea nyuma, nami nikashika moja tu, maro, ndilo jina la mama wa mke. Halafu akafungua kikapu, akatoa nusu ya ngege wa kukaanga na kuniwekea mkononi. "Kula, maro," akasema.

Sasa hapo ndipo penye balaa. Kwetu samaki hakuliwa kabisa, nyanya yangu alimwita ndugu ya nyoka. Miaka yote hii mimi nawauzia nyinyi viazi vya kulia samaki, na mwenyewe sijawahi kumwonja, mnanicheka kila siku. Basi zima lilikuwa linanitazama. Nikafumba macho nikala. Nikala mpaka nikaacha miiba, na bibi yule akanipangusa vidole kwa leso yake. Hakuna aliyeniuliza kabila tena. Nawaambia ukweli, sikuweza hata kujua kama alikuwa mtamu.

Ahero hadi Pap Onditi

Maji hayakuondoka, ila dereva alichoka kungoja. Kondakta akavua viatu, akatangulia na fimbo akipima barabara, nasi tukamfuata polepole mpaka Ahero. Hapo basi likakataa kuendelea. Nikadandia lori la mchanga lililokuwa linakwenda Katito na mbele yake, na nani akapanda nyuma yangu? Yule mtu mwembamba.

Udongo wa kule ni mweusi na unashika kama ugali mbichi. Tulishuka kusukuma, tukapanda, tukashuka tena. Kila tuliposhuka mtu mwembamba alitazama jua. Mimi pia nilikuwa nalitazama, nikihesabu kama bado kuna saa za kumchukua Njeri na kurudi naye siku ile ile. Mwishowe akaniuliza nakwenda kwa nani.

"Kwa Mzee Hezekia, baba yake mwalimu Ochieng."

Uso wake ukafunguka. "Mzee wa kanisa letu! Hata mimi naenda kule kule. Lakini tukimbie, Mama. Sabato naingia jua ikizama."

Kumbe Njeri ameolewa na watu wa Jumamosi! Nilikuwa najua, lakini nilikuwa najua kama mtu anavyojua kuwa mkwe wake hanywi pombe, jambo zuri lisilonihusu. Mimi ni mtu wa Jumapili, naenda kanisani asubuhi na saa sita banda limefunguliwa. Nikamwuliza hiyo Sabato yao ina masharti gani. Akanihesabia: hawapiki, hawalimi, hawauzi, hawanunui, hawabebi mizigo. Tulipofika Pap Onditi nilikuwa najiuliza nani atambeba Njeri.

Kwa miguu hadi ziwani

Kutoka barabarani kuteremka mpaka ziwani ni mwendo mrefu. Mtu mwembamba alinisaidia kubeba furushi langu, na lilikuwa zito, nilikuwa nimemfungia Njeri viazi, unga wa uji na mashuka. Alikwenda mbio kweli, nami nyuma yake nikihema. Tukaanza kuliona ziwa, na jua limeshaligusa.

Ghafla akasimama. Akaliteremsha furushi kichwani, akaliweka chini kwa heshima katikati ya njia, akapangusa mikono.

"Samahani, Mama," akasema. "Imezama."

Nilifikiri anatania. Nikamtazama, nikalitazama jua, kweli limekwenda. Nyumba za Mzee Hezekia zilikuwa zinaonekana pale chini, ungerusha jiwe lingefika. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu nyinyi wengine ni watu wa kanisa. Akainamisha kichwa, akayapokea yote, lakini furushi hakuligusa. Nikajitwika mwenyewe.

Ndivyo nilivyoingia kwa wakwe zangu, jasho likinitiririka, hasira imenijaa mpaka kooni. Walikuwa uani, watu kama kumi, wanaimba. Nikaita, "Njeri yuko wapi?" Saa hiyo hiyo wakapiga magoti kuomba. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikasimama pale na furushi langu kama mwizi aliyekuja mapema, nikisema moyoni, hawa ndio watakaoniulia mtoto.

Walipoinuka, wa kwanza kunifikia alikuwa mama yake Ochieng, ambaye kule wanamwita Min Ochieng, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Akanitua furushi. Yeye akalibeba bila kulitazama jua. "Karibu, maro. Njeri iko kwa nyumba yangu. Kuja."

Ochieng alinisalimia kwa mbali, kando ya ua, uso ameuelekeza pembeni, maana mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, kwao na kwetu. Nyumbani kwake singeingia, mila haikubali mama wa mke alale chini ya paa la mkwe. Sikuwa na akili ya kujiuliza kwa nini Njeri amelazwa kwa Min Ochieng badala ya nyumbani kwake. Kumbe yule mama alimhamisha tangu siku ya kwanza, kabla hata ya kunitumia habari, ili nikija niweze kukaa naye. Niliyajua hayo siku nyingi baadaye.

Njeri aliponiona akajiinua kwa kiwiko, akacheka, akaniita mama kwa Kikuyu chetu. "Maitu, mimi ni mzima!" Midomo yake ilikuwa myeupe. Nikamgusa, mikono ni baridi. Nikamwambia kwa Kikuyu alale, nimekuja kumchukua.

Nikaomba chai. Hakuna chai katika boma lile, watu wa Jumamosi hawainywi. Nikaletewa maziwa ya moto na maji. Fikirini, Mkikuyu aliyetoka Kisumu kwa miguu na lori, anapewa maji meupe! Nikayanywa, nikatoka nje kumtafuta mwenye mji.

Mzee Hezekia alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mtu mfupi, mnene kidogo, macho mapole. Nikamwuliza, "Mzee, kesho tunatoka saa ngapi?"

"Kesho tunapumzika, Mama."

"Njeri anavuja damu."

"Najua. Kesho tunapumzika," akasema tena, akaniombea usiku mwema. Nilirudi ndani nikakaa na macho wazi mpaka kukapambazuka.

Sabato ya kwanza

Asubuhi walivaa nguo nyeupe wote, wakala nyoyo, ndiyo mahindi na maharagwe, iliyopikwa Ijumaa na kuachwa kwenye chungu kilichofunikwa kwa majani ya ndizi, halafu wakapanda kwenda kanisani. Kanisa lao lilikuwa la udongo, juu kidogo ya mji, nyimbo zake zilisikika mpaka ndani. Alibaki Min Ochieng peke yake na mgonjwa. Mimi nikashuka ziwani.

Nikamkuta mvuvi anakaza nyavu. "Wewe ni mtu wa siku gani?" nikamwuliza.

"Jumapili."

"Mungu akubariki. Una mashua?"

Alikuwa na mtumbwi wa makasia, na ndugu yake wa kumsaidia. Tukakubaliana. Nikarudi nao nyumbani nikitembea mbele kama mkuu wa jeshi. Nikaanza kufunga mashuka, nikafungua, nikafunga tena. Njeri akaona, akatupa blanketi, akateremsha mguu mmoja chini. "Nitatembea mwenyewe, maitu. Usiwasumbue watu."

"Lala!"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa amesimama mwanamke kijana, gauni jeupe la kanisani, na juu yake aproni. Huyo alikuwa Persila, mkunga wa zahanati ya kule. Alimrudisha Njeri kitandani kwa mikono miwili, akamkagua, akanawa, akanitazama mimi na wavuvi wangu. "Mama, twende nje kidogo."

Nje akasema taratibu, kama anayesema na mtoto. Kondo la nyuma la Njeri limekaa mlangoni mwa kizazi. Akitikiswa linabanduka, damu inamwagika, na hapo yeye na mtoto wote wanakwenda. Dawa yake ni kulala bila kuinuka mpaka mtoto apate nguvu. Kila siku anayokaa tumboni ni faida. Kwa lori la mchanga au mtumbwi wa kasia asingefika hata nusu ya njia.

"Naja hapa kila siku," akasema, "na kila siku namkuta amelala vile nilimwambia. Leo nimemkuta amekaa. Unajua ni kwa nini? Anakuangalia. Wewe nasimama, natembea, nafunga vitu, nafungua. Mtoto gani atalala na mama yake amesimama hivyo?"

Nikaruka kama nimemwagiwa maji moto. "Na nyinyi je? Mmemfungia hapa kwa sababu ya siku yenu! Mtu akifa Jumamosi mnangojea jua lizame ndipo mlie?"

Hapo nikaona Mzee Hezekia ameshafika, suti nyeusi, Biblia kwapani, ameitwa kutoka kanisani. Alikuwa amesikia yote. Akasema tu, "Kuja, Mama," akaongoza kushuka nyuma ya ua wa ojuok, ile mimea ya utomvu mweupe.

Mashua yake ilikuwa imefungwa majini. Ilikuwa kubwa, na injini nyuma. Ndani, sakafuni, kulikuwa na godoro limefunikwa turubai, chini yake majani makavu yamejazwa ili lisigonge mbao. Kulikuwa na debe la petroli, makasia mawili ya akiba, mablanketi mawili na mtungi wa maji.

"Iko hivi tangu damu ilianza," akasema. "Ijumaa mchana nilijaza petroli, nikawasha injini, nikazima. Ndio leo kusiwe na kazi nyingine isipokuwa kuondoka. Persila akisema sasa, ni sasa. Hata kama niko katikati ya maombi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza kesho tunatoka saa ngapi. Nikakujibu kesho tunapumzika. Ni Njeri ndio napumzika, Mama. Sisi wengine tunachunga."

Nilikasirika zaidi, maana hakuna kinachoudhi kama kugombana na mtu halafu ukamkuta yuko upande wako. Nikamwambia rafiki yake aliacha furushi langu njiani. Mzee akatikisa kichwa. "Huyo anatunza siku. Bado hajajua siku inatunza nani." Akakaa kwenye ukingo wa mashua. "Ile amri mtu anaisoma kama ni yake peke yake. Lakini imetaja mtoto, imetaja mtumishi, imetaja ng'ombe. Imetaja mpaka mgeni aliye ndani ya mlango wako. Kwa nini? Kwa sababu mimi nikikimbia, nakimbiza wote wa nyumba yangu. Nikikaa, hata ng'ombe anakaa."

"Mimi si mtu wa Jumamosi, Mzee."

"Sijakuambia uwe. Nimekuambia ukae."

Wavuvi wangu walipewa nyoyo wakaenda zao. Mimi nikarudi ndani. Jamani, mnafikiri kukaa ni kazi rahisi? Nilikaa, mikono ikanipanda yenyewe. Nikaona vumbi kwenye kona, nikachukua ufagio, Min Ochieng akaninyang'anya. Nikaona sufuria chafu, akaisogeza. Njeri alikuwa ananifuata kwa macho kila ninapogeuka, na kila nikiinuka kichwa chake nacho kinainuka kutoka kwenye mto. Ni kweli alivyosema Persila, na kuiona kwa macho yangu kuliniuma kuliko kuisikia. Tangu baba yake afariki mtoto huyu hajawahi kuniona nimelala mchana. Hakujua kwamba inawezekana.

"Maitu," akasema, "lala nawe."

Nikajilaza kwenye mkeka kando ya godoro lake. Niliona haya, mwanamke mzima, jua liko juu. Nikaanza kulia bila sauti, kwa woga tu, kwa ajili ya wale wawili walionitoka na huyu aliyebaki. Njeri akateremsha mkono akanishika kiwiko. Halafu sikumbuki kitu. Nilipoamka walikuwa wanaimba nje wimbo wa kufunga Sabato, na Njeri alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala akiwa mdogo.

Juma la katikati

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mzee Hezekia akaniuliza nitaombea wapi, maana kanisa langu halikuwa karibu. Nikamwambia hapa hapa. Kwake ilikuwa siku ya kulima, lakini akawaambia wanawe wapeleke ng'ombe na plau shamba la mbali, wasinipigie kelele. Nikasoma zaburi zangu, Njeri akiitikia kitandani.

Na Min Ochieng, Mungu amweke, alinipatia chai. Alinunua majani dukani akaipika kwa sufuria ya pembeni nyuma ya jikoni, akiangalia huku na huku kama mtu anayepika chang'aa ya magendo. "Kunywa haraka, maro," akaninong'oneza. Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Damu ikapungua, ikawa matone tu. Jumanne ikarudi kidogo, tukakaa roho juu, ikaacha. Sikutulia, msidanganyike. Kila Njeri akijigeuza nilitazama shuka. Lakini nilitazama nikiwa nimekaa. Min Ochieng naye alikaa, tukamenya viazi nilivyoleta, kimoja kimoja, siku nzima.

Kuvuka ghuba

Sabato ya pili, wakiwa kanisani wote, Njeri akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maitu, imekuja."

Niliinua blanketi. Godoro lilikuwa limelowa.

Nikamwacha na Min Ochieng, nikapanda kile kilima miguu mitupu. Nikaingia kanisani kwa mlango wa mbele, kitambaa cha kichwa kimeanguka sijui wapi, nikatembea katikati ya viti. Mzee Hezekia alikuwa anahubiri. Akanitazama, akafunga Biblia.

"Tusimame," akasema. "Ibada iko ziwani."

Wallahi, sijaona watu wakitoka kanisani vile. Persila alinipita akikimbia, viatu mkononi. Wanaume walilichukua godoro na Njeri juu yake bila kulipinda, wakashuka nalo hatua kwa hatua, wakaingia majini na mashati yao meupe na tai, maji yakawafika kifuani, godoro liko begani. Kwenye pembe ya mbele kabisa alikuwa mtu mwembamba. Meno yalikuwa yanamgongana, lakini bega lake halikutikisika.

Nilijikuta ndani ya mashua bila kukumbuka kwamba naogopa maji. Tulikuwa mimi, Persila, Ochieng, na Mzee kwenye injini. Min Ochieng alibaki ufukweni amenyoosha mikono yote miwili.

Mwanzoni ziwa lilikuwa tulivu. Katikati ya ghuba ukaja ule upepo wa mchana, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni. Ochieng alikuwa anachota maji kwa kopo. Njeri alikuwa ameacha kusema. Milima ya Kisumu ilionekana pale mbele na haikusogea.

"Mzee, ongeza!" nikapiga kelele. "Ongeza moto!"

"Nikikimbia namtikisa," akajibu. "Nikichelewa nampoteza. Kaa, Mama. Shika kichwa yake."

Alikuwa analipokea kila wimbi kwa pembeni, analegeza, anaingia, analegeza. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye suti ile nyeusi. Persila akaagiza shuka likazwe miguuni mwa Njeri na pande zote mbili zivutwe, asitikisike. Upande mmoja nikashika mimi, upande wa pili akashika Ochieng, mkwe wangu, magoti yetu yakagusana njia nzima, na hakuna aliyekumbuka mila. Alikuwa analia waziwazi. Nikamwambia, "Vuta, mwanangu." Akavuta.

Tulipofika Kisumu wafanyakazi wa gati walituona kwa mbali, wakatafuta gari. Hospitalini walimpokea Njeri mbio na kumwingiza chumba cha upasuaji, na mlango ukafungwa usoni mwangu.

Mzee Hezekia akakaa kwenye benchi la nje, maji yakimchuruzika kutoka kwenye suruali. Ochieng akakaa karibu naye. Mimi sikuweza. Nikatembea kutoka mlangoni mpaka ukutani, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Nilimwambia Mungu maneno makali. Nikamwambia nimekaa juma zima kama ulivyotaka, sasa wewe inuka.

Mlango ulipofunguka alikuwa ni muuguzi mmoja mnene wa Kiluhya. Akasema mtoto ni msichana, mdogo sana, lakini analia. "Na mama yake?" nikauliza. Akasema bado wanamwongeza damu, tungoje, na mlango ukafungwa tena. Nikaendelea kutembea. Sikujua kama jua limezama au la, na Mzee naye hakulitazama.

Muda mrefu baadaye muuguzi yule akarudi. "Nani mama ya Njeri?"

"Ni mimi."

"Amefungua macho. Ameuliza wewe uko wapi, nikasema uko nje. Anasema anajua umesimama." Akatabasamu kidogo. "Anasema, kama unataka alale, ukae."

Nikakaa chini pale pale sakafuni, nguo zimelowa, mgongo ukutani, na sikuinuka mpaka waliponiita niingie.